Wateja wote wana namba moja ya simu, 2147483647. Hii namba ni ya nani??

dogo_wa_kodi
Wakuu habari za jioni. Nimetengeneza kasistimu kadogo ka duka la vifaa vya ujenzi, mteja anaandikwa jina na simu basi. Leo nafungua databesi nakuta wateja wote 40 na kitu wana namba ile ile 2147483647, nikadhani kuna jamaa kajisajili kwa majina tofauti, nikampigia kabisa, naambiwa namba haipo 😂 Naingiza namba yangu mwenyewe nayo inageuka hiyo hiyo. Inatoka wapi?

bitimoja
Kolamu ya simu umeiweka INT (aina ya namba nzima) sio? Basi huo ndo mwisho wake mkuu. INT ina biti 32 (nafasi za 0 au 1), moja inaliwa na alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, kwa hiyo kubwa kabisa ni 2 kipeo 31 toa 1, hiyo toa 1 ni kwa vile sifuri nayo inataka kiti. Namba zetu ukianza na 255 zina tarakimu 12, hazienei, na MySQL yako (programu ya databesi) kama haijabanwa itoe eror inakata kimya kimya inakuandikia kikomo. Weka VARCHAR, yaani maandishi. Simu sio ya kujumlisha, we ushawahi kujumlisha simu mbili? Na ungeanza na 07 ile sifuri ya mbele ingeyeyuka. Za zamani ndo zimeenda, waombe wateja upya.

ticha_wa_pili
Mnaipita hivi hivi tu jamani, hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe! Mwanahisabati Euler ndo alithibitisha, ikachapishwa 1772, na macho yake yalikuwa karibu yameisha kabisa. Ukienda kibubusa unajaribu kuigawa kwa namba tasa zote hadi karibu 46,341 (ndo kipeuo cha pili chake), ziko zaidi ya 4,000. Ila yeye akaona kigawo chochote cha hii namba, ukikigawa kwa 248, lazima kibaki 1 au 63. Za hivyo hazifiki hata 400. Akazimaliza kwa mkono, hakuna iliyoingia.

mbishi_mstaafu
Ticha si kila 2 kipeo kitu fulani toa 1 inakuwa tasa? Maajabu yako wapi

ticha_wa_pili
Hapana mzee wangu. Kipeo 11 inakupa 2047, ambayo ni 23 × 89. Na ukiongeza kipeo kimoja tu juu ya 31 unapata 4294967295, kile kikomo cha INT isiyo na hasi, yenyewe inapasuka vipande vitano, 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Angalia vizuri hivyo vipande, kila kimoja ni 2 kipeo fulani jumlisha 1. Mi hapo huwa nasisimka.

bitimoja
Na hiyo hiyo namba tutakutana nayo tena. Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zinaifikia tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Inayofuata zinarudi Desemba 1901.

dogo_wa_kodi
Nimeweka VARCHAR(15), inaingia fresh, asanteni sana. Shida sasa hao wateja wa kuwaomba namba upya inabidi niwapigie 😭

mbishi_mstaafu
Wapigie kwa 2147483647