Naomba ushauri: kichwa kimemshika mama ghafla, tumerudishwa na panadoli

Wakuu, habari zenu. Nipo Ujiji, Kigoma. Jana jioni mama (58) alikuwa anaanua dagaa, ghafla akashika kisogo, akapiga ukelele na kukaa chini palepale mchangani. Akatapika mara mbili. Anasema hajawahi kuumwa kichwa namna hiyo tangu azaliwe.

Dharura walimpima presha, 170/100, na malaria, hana. Akachomwa sindano ya maumivu (diklofenaki), tukaambiwa ni uchovu, tukarudishwa na panadoli. Nesi mmoja alimwambia ainamishe kidevu kifuani, shingo ikagoma kidogo, lakini sikuona akiandika popote.

Najua kichwa cha kuanza ghafla hivi chaweza kuwa damu imevuja juu ya ubongo, na kwamba siti skani (kipimo cha picha za ndani ya kichwa) huionyesha vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Baadaye huenda wakatoa maji ya uti wa mgongo wayapime. Saa hizo zimeshapita. Maumivu yamepungua ila mwanga wa taa unamkera, na mzee anasema tusubiri.

Madaktari na manesi mliomo humu: nimrudishe usiku huu huu? Niwaambie nini hasa ili apimwe, tusirudishwe tena na panadoli? Bima anayo.