Samaki chini ya altare, Ravenna?

Fundi wa Igombe: Wakuu, mimi fundi mwashi huku Mwanza. Mdogo wangu yuko Italia, jana kanirushia video ya kanisa la San Francesco, Ravenna. Chini ya altare kuna chumba kimejaa maji, samaki wanakatiza juu ya sakafu ya mozaiki! Maji yametoka wapi? Ziwa lilipopanda 2020 banda langu lilikwenda na msingi wake.

Mzee wa Ramani: Mkuu, Ravenna imekaa kwenye kinamasi na inatitia polepole. Chumba hicho cha karne ya 10 sasa kiko chini ya usawa wa maji ya ardhini. Dante, yule mshairi wa Italia, aliagwa kanisani humo 1321.

Dada Kirumba: Kaka, tazama na kanisa la San Vitale, hukohuko Ravenna, la pembe nane, liliwekwa wakfu 547. Kuba lake ni vibomba vya udongo wa kuchoma, vitupu ndani, kimoja kimechomekwa kwenye mwenzake. Jepesi!

Fundi wa Igombe: Vibomba? Nikimwambia mteja hivyo ananifukuza saiti. Na samaki wale, sato?

Dada Kirumba: Wa mapambo tu. Usisonge ugali.