Ushauri: ukomo wa muda kwenye mbio za mashua, watoto wanaonewa?

Mwanabwawa (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa mbio za matanga Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mashua 9: Laser 5 (mashua ndogo ya kasi ya mtu mmoja) na Optimist 4 za watoto (ndogo zaidi na za polepole), zote zinaondoka pamoja. Rasimu inasema: mashua ya kwanza isipomaliza ndani ya dakika 90, mbio zinafutwa. Ikimaliza, waliobaki wana dakika 15 tu. Wazazi wamelalamika. Nisaidieni.

Joshi
Wazazi wana haki kabisa. Dakika 15 zinafaa mashua za aina moja. Nyie bila shaka mnasawazisha kwa namba za Portsmouth, yaani namba ya kila aina ya mashua, kubwa kwa zilizo polepole: muda wa mashua mara 1000, gawanya kwa namba yake, na matokeo madogo ndiyo yanashinda. Chukulia Laser ni 1100 na Optimist 1650 (namba kamili chukua kwenye orodha ya mwaka husika). Laser ikimaliza kwa dakika 60 inapata 54.5. Optimist ikifika dakika ya 90 nayo inapata 54.5, yaani sare. Ila dirisha lenu limefungwa dakika ya 75! Mtoto aliyestahili sare anaandikwa hakumaliza.

Dawa: zidisha muda wa Laser ya kwanza kwa 1650/1100, yaani 1.5, ndipo uongeze zile 15. Hapo Optimist zina hadi dakika ya 105.

Mwanabwawa
Asante mkuu. Na upepo ukikata katikati?

Boya la Tatu
Hapo hesabu ya Joshi peke yake haitoshi, maana Laser zimeshamaliza na upepo wao, watoto wanaelea kwenye shwari. Mimi ningeweka raundi fupi, Laser izunguke kwa dakika 20 hivi. Ikifika saa nzima piga honi, kila mashua imalizie raundi iliyomo. Kisha muda wa mashua zidisha kwa raundi nyingi zaidi zilizofanywa, gawanya kwa raundi zake, ndipo uweke Portsmouth. Laser raundi 3 kwa dakika 66 inapata 60. Optimist raundi 2 kwa dakika 64 inakuwa 96, inapata 58.2. Mtoto kashinda.

Mkibaki na njia ya kawaida, bendera ya ishara ya herufi S na honi mbili hufupisha mbio, lakini ipandishwe kabla mashua ya kwanza haijavuka mstari mpya wa kumalizia. Ikishavuka, umechelewa.

Mwanabwawa
Aliyepitwa na muda apewe pointi ngapi?

Joshi
Kanuni ya kawaida ya msururu wa mbio: idadi ya walioandikishwa jumlisha 1, kwenu ni 10. Hiyo inamlinganisha na asiyeingia majini kabisa, naiona si haki. Andikeni: waliomaliza ndani ya muda jumlisha 2. Wakimaliza 5, yeye ni 7. Iwe kwenye maelekezo kabla ya kuondoka, na msiongeze dakika hata moja mkishaona nani kabaki nyuma. Mbio ya mwisho ianze mapema, saa kumi na moja jioni matanga yote yawe chini.