Kapteni akikaidi, rubani msaidizi amnyang'anye usukani? Tujadili ajali ya Kozhikode

#1
Wakuu, tangu ndege aina ya ATR ianguke Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, na watu 19 kati ya 43 kupoteza maisha, mjadala wa ndege kutua kwenye hali mbaya ya hewa haujapoa. Bukoba leo siigusi. Nachukua Kozhikode, India, maana ripoti ya uchunguzi ilitoka Septemba 2021 na haikumung'unya maneno.

Agosti 7, 2020, Boeing 737-800 ya Air India Express ilitoka Dubai na watu 190, wengi wao waliokwamishwa na Korona. Giza limeshaingia, mvua inamwagika. Jaribio la kwanza la kutua, waipa (kile kifuta mvua kwenye kioo) ya upande wa kapteni ilifanya kazi sekunde 27 tu, ikazima. Kapteni akaghairi, akapaa. Safi kabisa. Akarudi kwa upande wa pili wa njia ya kutulia, safari hii upepo ukiwa mgongoni, noti kama 14 (kama kilomita 26 kwa saa), na waipa ikijikongoja. Ndege ikaelea weee, matairi yakagusa mita 1,350 hivi ndani ya njia ya mita 2,700. Uwanja ule umechongwa juu ya kilima. Njia ikiisha ni korongo. Walikufa 21, marubani wote wawili wakiwemo.

Sasa sikilizeni. Msaidizi alishaona mambo yanaharibika. Alitahadharisha, mwisho akasema wapae. Kapteni akashusha. Taratibu zilimruhusu msaidizi kushika usukani, hakushika. Na Mangalore, hukohuko India, Mei 22, 2010, kampuni ileile, msaidizi naye alitaka wapae, kapteni akang'ang'ana, wakafa 158. Miaka kumi, somo lilelile!

Hoja yangu: msaidizi akisema "paa", hakuna mjadala. Kapteni akikaidi, anyang'anywe, na kampuni imkingie kifua huyo kijana.

#2
Mkuu, maiti hajitetei, ndiyo maana kumlaumu ni rahisi. Ripoti hiyohiyo inasema kapteni alipangiwa safari nyingine kesho yake asubuhi kutokea hapohapo, na makapteni kituoni walikuwa hawatoshi. Ratiba aliipanga nani? Kile kitanda cha zege laini mwishoni mwa njia, kinachomeguka na kunasa matairi, kilikuwepo? Hakikuwepo.

Halafu hilo la kunyang'anyana usukani. Mmoja ana saa zaidi ya 10,000 angani, mwingine hajafikisha 2,000, ardhi ipo chini ya miguu, mvua, kiza, mmoja anavuta, mwenzake anasukuma. Hapo mtazika wengi zaidi. Unaandika ukiwa umekaa kwenye kochi.

#3
Kochi sawa, ila jibu hoja. Kapteni akifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba neno hilo likitamkwa mkono unasukuma injini bila kuuliza, nani atamvuta nani? Tatizo ni kijana aliyelelewa kuogopa kumkatiza mkubwa.

Suala la ratiba nakuachia, una pointi. Lakini mafuta ya kwenda uwanja mwingine yalikuwepo, na mtu huyuhuyu alikuwa ameghairi dakika chache tu nyuma. Kama ni ile safari ya asubuhi iliyomrudisha chini, basi mkubwa wa ratiba naye alipaswa kuhojiwa kama rubani. Kuna mtu humu amewahi kupanga ratiba za marubani? Aje aseme inakuwaje kapteni anapopiga simu kwamba amelala mji mwingine.