Bloku ya trakta inavuja maji: kola, kuchomelea, ao bloku ya okazio?

Mkulima wa Kasenga
Jambo wote. Trakta yangu ya zamani inavuja maji kwenye bloku ya moteri. Ni matone tu, lakini asubuhi nakuta sahani imejaa chini yake. Nina njia tatu: kola (gundi) ya epoksi, kuchomelea, ao kufuata bloku ya okazio, iliyokwisha tumika, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia. Mvua ziko mlangoni na mahindi hayangoji. Nifanye nini?

Fundi Katuba
Trakta gani? Moteri gani? Umeona ufa kwa macho, ao umeona maji tu? Bila hayo tutakupigia ramli.

Papa Diezeli
Chomelea, mwanangu. Elektrodi ya nikeli, vipande vya sentimita mbili tatu, gongagonga kwa nyundo, ngoja mpaka mkono uvumilie, ndipo uendelee. Kabla ya yote toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, la sivyo ufa utakimbia mbele yako.

Mama Mahindi
Papa, hiyo ni kwa fundi anayejua fonti, chuma cha kutupwa cha bloku. Wangu alijisifu kuliko redio. Alichukua elektrodi ya kawaida, ile ya milango, akachoma mstari mzima bila kupumzika. Halafu, eti kuharakisha, akamwagia maji! Tukasikia "ta!" Ufa wa kidole ukawa wa kiganja. Siku mbili baadaye maji yakaingia kwenye mafuta ya moteri, yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nikakodi trakta ya jirani, naye akanilimia wa mwisho, wakati magugu yameshanifika magotini. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hiyo ni kazi ndogo, mama" naondoka.

Mkulima wa Kasenga
Pole mama. Ni Massey Ferguson 135, Perkins silinda tatu. Ufa sijauona. Kutu inateremka kutoka kwenye kitu cha mviringo kama kifuniko, ubavuni mwa bloku.

Fundi Katuba
Sasa ndiyo unasema! Hiyo ni pastiye, kizibo cha tundu la bloku, bati jembamba tu, kutu inalila kutoka ndani. Toa maji, kwaruza, sukuma kwa bisibisi. Ikiingia, ng'oa, weka mpya ya shaba. Na moteri yako, Perkins 3.152, ina shemizi kavu (bomba za ndani ya silinda zisizogusa maji), usihangaishwe na mipira ya kuzuia maji chini yake.

Kijana wa Kipushi
Mimi natia unga wa kuziba vuja kwenye radiateri, basi.

Fundi Katuba
Na radiateri yako inapoa vizuri?

Kijana wa Kipushi
...inachemka kidogo milimani.

Papa Diezeli
Yote haya yanaletwa na maji ya mto. Tieni antijeli, dawa ya maji yasigande!

Kijana wa Kipushi
Antijeli Lubumbashi, papa? Barafu iko wapi?

Papa Diezeli
Inazuia kutu, na maji yanachelewa kuchemka. Hapa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji matupu yanachemka kabla ya digrii 100. Wewe nadhani hata kifuniko cha radiateri umefunga kitambaa.

Kijana wa Kipushi
Ni mfuko wa plastiki, papa.

Mkulima wa Kasenga
Nimekwaruza. Bisibisi imeingia kidogo, sijui kama ni rangi ao chuma. Giza limeingia, nitaangalia kesho.

Mama Mahindi
Usimwite yule wangu. Halafu, nani ana diski za jembe, za inchi 26?