Mnafuta majina ya askari wa Keya kwa majivu na limau, kisha mnauliza nishani ilikuwa ya nani

Wakuu,

Nauandika uzi huu kwa hasira na siombi radhi. Mzee wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki) akishazikwa, kisanduku chake kinafunguliwa hata matanga hayajaanuliwa. Zikitoka nishani, mjukuu mmoja anakimbilia majivu na limau azing'arishe, mwingine anampigia dalali, wa tatu anazipanga mezani kando ya bunduki ya marehemu na kupiga picha, namba ya bunduki ikisomeka wazi. Baada ya hapo ndipo swali linakuja: "Wataalamu, hizi zina maana gani na zinauzwaje?"

Maana yake mmeshaisugua ikaisha.

Nishani huanza kusomwa ukingoni, kwenye ule unene wa milimita chache, kwa sababu kichwa cha mfalme kilicho usoni wanacho askari wote waliopewa. Kwenye nishani za mviringo za Uingereza za Vita vya Kwanza, na ile ya Afrika yenye upau (kipande cha madini kinachokaa kwenye utepe) ulioandikwa KENYA, ukingoni kumegongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Herufi zile ni ndogo na hazikuzama sana, na fedha ni madini laini. Majivu yana chembe zinazokwaruza kama msasa, na anayesugua huishika nishani kwa ukingo na kuizungusha chini ya kidole gumba. Usafi wa namna hiyo unapunguza kina cha herufi, na ikirudiwa kila mwaka jina linabaki vivuli.

Kama bado hamjasugua, fanyeni hivi. Zimeni taa za chumba. Washeni tochi ndogo na mwanga wake uje ubavuni, karibu ulale sambamba na ukingo, usitoke juu. Zungusheni nishani polepole. Herufi ambazo mchana hazionekani zitatupa kivuli na kusomeka. Pigeni picha tano au sita zinazopandana hadi mzunguko wote uishe. Kisha nakilini kila alama kama ilivyo, nukta na mikwaju ikiwemo, bila kusahihisha chochote. PTE ni askari wa kawaida, L/CPL na CPL ni koplo wa ngazi mbili, SGT au SJT ni sajini. W.O.P.C. ni cheo cha Keya cha wakati wa vita vya Hitila: ofisa mteule Mwafrika aliyeongoza platuni. Familia inayokiona na kukiita "kosa la mashine" inamvua babu yao cheo kikubwa.

Na jina msilikatae kwa sababu ya tahajia. Karani aliandika alichosikia. R inageuka L, "bin" inaachwa, jina la baba linakaa peke yake kama ndilo la mwenyewe. Linganisheni namba ya jeshi kwanza, jina baadaye.

Kikosi nacho kina maana yake. Keya ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 Uganda, ya 6 Tanganyika, ya 1 na ya 2 Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Vita vilipopamba moto vikaongezwa vikosi vyenye namba kubwa: 36 ni Tanganyika, 44 ni Uganda. Tena si kila "mzee wa Keya" alikuwa Keya kweli. Herufi E.A.A.S.C. ni za kikosi cha uchukuzi na ugavi cha Afrika Mashariki, kile cha madereva na malori. Wazee wengi wa namna hiyo wanaitwa Keya kwa mazoea tu, watoto wakitafuta jina kwenye orodha za Keya wanarudi mikono mitupu, halafu wanasema mzee aliwadanganya. Hakuwadanganya.

Sasa nyota. Hapa ndipo upotoshaji umezidi.

Nyota za vita vya 1939–1945 zina pembe sita, rangi ya shaba ya njano, na katikati alama GRI VI chini ya taji, maana yake Mfalme George wa Sita, Mtawala wa Himaya. Kwa kawaida Uingereza haikuziandika majina, wala zile nishani mbili za mviringo zilizoandamana nazo. Za Afrika Kusini, India na Australia ndizo zilizoandikwa. Ndiyo kusema nyota ya babu, ikiwa peke yake mkononi mwa dalali, haina mwenyewe. Jina lake liko kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kile kikaratasi mnachokitupa motoni kwa kuwa kimeliwa na mchwa pembeni. Kile ndicho chenye namba, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mkikichoma mmebaki na kipande cha shaba.

Nyota si tuzo ya ushujaa. Inaonyesha mtu alifika wapi na lini. Ya 1939–1945 kwa askari wa nchi kavu ilitaka miezi sita kwenye eneo la mapigano. Nyota ya Afrika ilitolewa kwa waliopigana Afrika Kaskazini, na pia Uhabeshi, Somalia na Eritrea kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941. Kwa hiyo babu aliyepigana Uhabeshi akawa na Nyota ya Afrika hakuwa lazima amefika Misri, acheni kumtungia mapigano ya El Alamein. Nyota ya Burma (Myanmar ya leo) ni hasa ya waliofika Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikaa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ikifanya mazoezi kabla ya kuingia bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, na askari wa nchi kavu aliyeishia Ceylon hakupewa nyota hiyo hata kama kijiji kizima kinamwita "mzee wa Bama". Na Madagaska ya 1942 haina nyota yake kabisa. Siku zake zilihesabiwa kwenye ile ya 1939–1945.

Utepe nao mnauchezea. Nishani hizi zilitolewa zikiwa mbali na tepe zake, kila mtu akazitunga mwenyewe, na ndiyo maana tepe nyingi zimekaa mahali pasipo pake tangu mwanzo. Zinazobadilishana zaidi ni zile mbili za mviringo za rangi ya nikeli. Ya Ulinzi ina kichwa cha mfalme kisicho na taji, nyuma simba wawili na mti wa mwaloni, na utepe wake ni rangi ya moto katikati, kijani pembeni, na uzi mweusi ndani ya kila kijani. Ya Vita ina mfalme mwenye taji, nyuma simba amemkanyaga joka la vichwa viwili, utepe mwekundu, bluu na mweupe. Ukikuta zimepishana, usirekebishe mara moja. Piga picha kwanza zilivyo, maana pengine mwenyewe ndiye aliyezivaa hivyo miaka arobaini. Na mkiona jani dogo la shaba limebanwa kwenye utepe wa Nishani ya Vita, msilitupe mkidhani ni pambo: lile linasema mzee alitajwa kwenye taarifa ya kamanda wake.

Msiniletee pia habari ya "Malkia alimvisha 1945". Mfalme George alifariki Februari 1952. Nishani yenye kichwa cha Elizabeth ni ya baada ya hapo. Mara nyingi ni ile ya Afrika yenye upau wa KENYA: utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Hiyo ni ya operesheni dhidi ya Mau Mau, 21 Oktoba 1952 hadi 17 Novemba 1956, siku 91 za utumishi. Najua kwa nini familia nyingine hazitaki kuisikia. Lakini kuibandika utepe wa Burma ili babu aonekane alipigana na Wajapani tu ni uongo, na jina na kikosi vilivyogongwa ukingoni vitausuta.

Ushujaa wenyewe una nishani zake, kwa mfano ile ya fedha yenye maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD nyuma. Hizo zilitangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, na humo jina linatafutika bure. Nyota na nishani za kampeni hazimo, kwa hiyo kutoliona jina humo hakumaanishi babu hakupigana.

Kisha kuna masonara. Nishani ya Vita ya 1914–18, yenye mpanda farasi nyuma, ni fedha yenye uzito unaokaribia wakia moja. Sonara anaiweka kwenye mizani, anataja bei ya fedha, jioni imeshayeyushwa kuwa pete. Mwenzake wa shaba mwenye mabawa anarudishwa nyumbani "kwa kuwa hana thamani". Jozi imevunjika, na jina la askari wa 1917 limeingia kwenye chungu cha sonara. Wale madalali wa rupia (sarafu za kale) na zebaki wanaokuja na sumaku ndio usiseme: nishani haina zebaki, haijawahi kuwa nayo, na anayetaka kuikwangua "apime" mfukuzeni.

Bunduki. Someni polepole hapa, maana hapa mtu anafungwa au anakufa.

Nishani hazimpi mtu haki ya silaha. Bunduki ya Keya, ile .303 ya Lee-Enfield yenye risasi kumi kwenye magazini, ilikuwa mali ya serikali, na askari aliyeachishwa aliirudisha. Ikiwa nyumbani kwa marehemu kuna bunduki, ama aliipata baadaye kwa leseni, ama haina karatasi kabisa. Leseni ni ya mtu, na mtu akifa harithiwi leseni yake. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili, mtoto anayeificha darini "kama kumbukumbu" anamiliki silaha bila leseni.

Msiibebe kwenye basi kuipeleka kituoni. Iacheni ilipo, fungeni chumba, nendeni polisi na leseni ya marehemu kama ipo pamoja na cheti cha kifo, waje waichukue wenyewe. Anayetaka kuimiliki aombe leseni yake upya. Risasi za zamani nazo zihesabuni kwa macho, msizipanguse wala kuzipasua. Na lile "bomu la ukumbusho" linalotumika kuzuia mlango lisisogezwe hata kidogo.

Jibu la 1

Naunga mkono, na niongeze la kuhifadhi. Mkiacha limau mkahamia Brasso bado mnaua, ni msasa uleule ndani ya maji. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu, basi. Msizifunge kwa mpira wa rababendi, salfa yake inageuza fedha nyeusi. Msiziweke kwenye mifuko laini ya PVC, inatoa majimaji na baada ya muda nyota inaota ute wa kijani. Karatasi isiyo na asidi, kila moja peke yake, na pakiti ya kufyonza unyevu ibadilishwe ikilowa.

Jibu la 2

Mkuu, umeongea yote lakini watu wana shida za pesa. Kuuza si dhambi.

Jibu la mwanzisha uzi

Sijasema msiuze. Uzeni zote pamoja na cheti, baada ya kupiga picha kingo, nyuma na mbele, na kubaki na nakala. Na kabla ya kununua, wanaonunua wapime kipenyo. Nishani hizi za mviringo nyingi ni milimita 36. Ikisoma 35 na kitu huku ukingo una mikwaruzo ya tupa, jina la kwanza limefutwa likagongwa jingine. Ile ya kutawazwa ya 1953 ni milimita 32 tangu kiwandani na haina jina, msiichanganye.

Jibu la 3

Kuhusu silaha mmesahau gobore. Lile halina mahali pa kufungua nyuma uone kama lina risasi. Baruti na gololi hushindiliwa kutoka mdomoni, na baruti nyeusi ikikaa pakavu miongo kadhaa bado inawaka. Wajukuu wanalitundika ukutani, mtoto anachezea nyundo. Msipulize mdomoni kujua kama liko wazi, msiingize waya, msilitie motoni kuchoma kutu. Lilazeni mdomo ukielekea ukuta wa udongo pasipo na mtu nyuma yake, kisha mwambieni askari anayekuja kuwa ni gobore na hamjui kama limeshindiliwa, ili aje na mtu anayejua kulitoa.