Miaka 6 opareta wa mashine ya karatasi, nataka kufika uinjinia wa prosesi. Nianzie wapi wajameni?

MtuWaWete
Assalam aleykum wajameni. Mie wa Wete ila kazi yangu iko bara, kiwanda cha karatasi, jina sitaji msije mkaniharibia ugali. Tunapokea maboksi chakavu, tunayavuruga kwenye palpa mpaka yanakuwa rojo (sio urojo wa Forodhani, huu ukiuonja utajuta), halafu tunatoa karatasi ya maboksi mengine. Nilianza kwa kubeba marobota nikapanda hadi mashine yenyewe, upande wa maji, pale rojo linapoanza kuwa karatasi. Elimu form four, hesabu C, fizikia D, kemia D.

Kilichonifanya niandike, mwaka jana karatasi ilikuwa inakatika mno usiku. Ikikatika unasikia kama shuka linachanwa, hapo hapo kengele, na sote mbio na visu kukata yaliyojizonga kwenye rola, nusu saa imekwenda. Mie nikaona inakatika zaidi siku tulizolisha maboksi ya supamaketi yenye selotepu nyingi, maana ile gundi inaganda kwenye blanketi la mashine (kitambaa kinachobeba karatasi bichi) vitone vyeusi kama lami, ukigusa inanasa kidole. Nikamwambia injinia wa shifti, kijana ana mwaka mmoja tu pale. Wiki ya pili nasikia kikaoni kaisema kama yake, na hakuna aliyeuliza katoa wapi. Nikanyamaza.

Sasa niko likizo Pemba na mama kila nikikaa barazani anauliza hii kazi yako inakwenda wapi. Niache kazi nikasome au kuna njia nyengine?

BintiMkoani
Waaleykum salaam kaka. Una watoto? Kama unao usiache kazi kwa hasira za kikao, kazi siku hizi unaijua wewe mwenyewe.

MtuWaWete
Wawili, da. Wa pili ana miezi 8.

Kombamwiko77
Yakhe uinjinia wa watu hao una wenyewe, bila mjomba ndani hupandi. Rudi tulime mikarafuu.

FundiSanifu_Mbweni
Kombamwiko usimvunje moyo mwenzio, karafuu zenyewe msimu mmoja zipo mmoja hazipo.

MtuWaWete sikiliza, ukweli kwanza: kuitwa injinia kisheria kunataka digrii na kusajiliwa na ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), miaka 6 ya mashine peke yake haikufikishi hata uwe hodari vipi. Lakini ngazi ipo. Mie nimepita KIST, chuo cha Karume cha sayansi na teknolojia pale Mbweni Unguja, unaanza NTA level 4 (ngazi ya cheti cha mwanzo cha ufundi), unamaliza diploma level 6, na hapo unakuwa fundi sanifu anayetambulika. Kwenda digrii kwa diploma, kiwango cha chini cha TCU (tume ya vyuo vikuu) ni GPA, yaani wastani wa alama, 3.0 ila vyuo vyengine vinataka zaidi, kwa hivyo usiende kusoma ili upite tu. Digrii inayolingana na kazi yako hasa ni ya kemikali na prosesi, ipo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama huwezi kuacha kazi waulize VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) habari ya kutathminiwa ujuzi ulioupata kazini, unapata cheti cha kile unachokijua tayari. Na zile D za fizikia na kemia kaulize chuoni kabla hujalipa hata shilingi, ikibidi rudia mtihani kama private candidate.

AmiWaBoila
Mwanangu mie nimestaafu, nimekaa na mitambo ya mvuke na karatasi miaka mingi, nikwambie la kazini maana la vyeti umeshaambiwa.

Yule kijana hakukuibia kwa sababu ana digrii, kakuibia kwa sababu weye ulisema kwa mdomo. Nunua daftari. Kila ikikatika andika saa, imekatikia wapi (kwenye presi, zile rola za kukamua maji, au kwenye vikaushio vya mvuke), robota limetoka wapi, presha ya mvuke ilikuwa ngapi, nani alikuwa shifti. Wiki 4 usimwambie mtu. Kisha hesabu, siku za maboksi ya supamaketi mara ngapi, siku nyengine mara ngapi. Pengine utakuta si gundi, ni boila inashuka presha usiku. Ukipeleka karatasi yenye hesabu na jina lako juu, kikaoni hawezi mtu kuibeba.

La pili, jifunze kuhesabu maji. Rojo likimwagwa kwenye waya, ule wavu wa kuchujia maji, kilo 100 zina nyuzi chini ya kilo 1, zilizobaki maji. Waya na presi zinatoa mengi kwa bei rahisi, mabaki yanatolewa na mvuke na mvuke ndio pesa. Karatasi ikitoka presi na ukavu wa 40%, yaani katika kilo 100 nyuzi ni 40, kila kilo ya nyuzi imebeba kilo 1.5 za maji. Ikitoka na 45% imebeba 1.22. Pointi 5 tu za presi, na mvuke umepunguziwa karibu moja ya tano ya maji ya kukausha. Hiyo C yako ya hesabu inakutosha. Kaangalie leo mashine yenu inatoka presi na ngapi.

MtuWaWete
Ami nimeisoma mara tatu. Wallahi sijui inatoka na ngapi, miaka yote naipima kwa kiganja, ukiibana inakwambia.

AmiWaBoila
Kiganja usikiache. Kata kipande, kipime uzito kikiwa kibichi, kikaushe kwenye oveni ya maabara, kipime tena. Maabara wapo, waombe kwa adabu, wapelekee na haluwa ya Wete.

BintiMkoani
Haluwa itafungua milango kuliko cheti 😂

MtuWaWete
Boti yangu kesho kutwa, Jumatatu usiku naingia shifti. Daftari nishanunua, haluwa naagizia leo. FundiSanifu nakufuata inbox unieleze ya Mbweni. Mama nimemwambia subiri kidogo, kaguna tu kaendelea kuchambua mchele.